Koti Lililogeuzwa

Futi ya kupimia ilikatika mwaka ule
theluji ilipoziba mlango wa chini hadi kitasani.
Kipande cha kuanzia sitini na moja nilikiweka mimi;
kile cha mwanzo alikitwaa Ireneusz
akamfungia hatamu farasi wake, yaani kiti cha jikoni.
Tangu hapo niliwapima wanangu kwa shubiri,
na shubiri haikuwahi kunidanganya
ila kwa Halszka, aliyevuta pumzi makusudi
ili gauni litoke kubwa.

Łódź, mji wetu, ulikuwa mji wa nyuzi.
Dohani za matofali zilitema moshi,
nasi wanawake wa zamu ya alfajiri tulishuka kwenye tramu
pamba ya jana ikiwa bado nyweleni.
Mashine zilinguruma hata tukasemezana kwa midomo tu, bila sauti,
na mpaka leo nikiwa na jambo zito
midomo yangu husema peke yake.
Tulifuma kilomita kwa kilomita.
Dukani, rafu tupu na muuzaji anapiga miayo.
Mfinyanzi hulia gaeni;
sisi tulivaa vipande vya mwisho wa jora,
vyenye doa la mafuta, vyenye kosa la rangi,
nami nikajifunza kuficha kosa kwapani,
mahali asipotazama mtu ila mama.

Cherehani ilikuwa ya mama mkwe, Pelagia.
Aliniachia pamoja na subana moja na lawama nyingi.
Kanyagio lake lililia kwii kila mzunguko wa tatu.
Wiesław akalipaka mafuta, likanyamaza,
na watoto wakakataa kulala.
Ikabidi tungoje likauke, lilie tena.

Gauni la komunyo ya kwanza nililikata kwenye pazia.
Kitambaa cheupe hakikupatikana mji mzima;
nikainua macho, nikakiona kinaning'inia.
Miezi miwili majirani wa ng'ambo ya ua
walituhesabia vijiko vya supu.
Halszka akasimama mbele ya kioo, akainua mikono:
"Mama, nimevaa dirisha."
Na kweli, alipoingia kanisani
jua lilimpitia.

Lakini nikiulizwa, kazi ninayoitaja ni lile koti.
Lilikuwa la Wiesław, sufu ya kabla ya vita,
limepauka mabegani, viwikoni linang'aa kama sahani.
Nje, uzee mtupu. Ndani, chini ya bitana,
sufu ilikuwa ingali mbichi, haijawahi kuona jua.
Nililifumua kwa wembe, mshono baada ya mshono,
usiku tisa. Umeme ulipokatika
Ireneusz alinishikia mshumaa;
nta ikamdondokea kidoleni, asiseme kitu,
maana alijua koti ni la nani.
Nikaligeuza, ya ndani ikawa ya nje,
nikalipunguza, nikapiga bandi, nikashona.

Ila koti likigeuzwa, kila kitu huhama.
Mfuko wa kifuani ukaenda kulia,
na matundu ya vifungo yakakaa upande wa wanawake.
Shuleni wakamwita Bi Ireneusz.
Alirudi jioni moja pua imevimba, shati lina damu,
na koti halina hata tone.
Alikuwa amelivua kwanza,
akalikunja, akampa rafiki alishike,
ndipo akapigana.

Jumapili iliyopita alikuja, mvi zimemjaa masikioni,
na koti la dukani, la bei nisiyotaka kuitamka.
Nilimsindikiza hadi kwenye ngazi.
Alisimama kufunga vifungo huku akinieleza habari ya goti lake,
na mkono wake wa kulia ukapapasa
ukitafuta tundu, ukakuta kifungo.
Akacheka.
Midomo yangu ikasema kitu.
Hakuuliza ni nini.